Kisarika wa Nyumba ya Juu

Shuleni, Kwa Sadala
12 Agosti 2000

Shangazi Yuditha mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila sili vizuri.

Nakuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padre kwenye kitubio, na tangu nilitende nimekwenda kitubio mara tano. Kila mara nilitaja uvivu.

Shangazi, Kisarika hayupo. Hajawahi kuwepo. Nilimtunga mimi.

Nikueleze tangu mwanzo. Mwezi wa pili Mwalimu Eliufoo wa historia alichora pembetatu ubaoni: Ulaya juu, Afrika chini, Amerika pembeni. Akatueleza jinsi mataifa ya Ulaya yalivyoleta bunduki na vitambaa Afrika, yakachukua watu na kuwavusha Atlantiki, kisha yakarudi kwao na sukari. Halafu akatupa insha: biashara hii iliugusaje ukoo wako? Waulize wazee. Nilimwandikia Babu Valerian kumuuliza. Akajibu mistari miwili: “Haikutugusa. Sisi tuliibiwa ng'ombe na Wamachame.” Mwalimu Eliufoo ni Mmachame, Shangazi. Ningeandikaje hivyo?

Nikakaa maktaba siku tatu. Nikasoma kwamba zamani meli za Wafaransa zilifika Kilwa na Msumbiji kununua watu kwa ajili ya visiwa vyao vya mashamba ya miwa, na chache zilizunguka kusini mwa Afrika hadi ng'ambo ya Atlantiki, kwenye nchi inayoitwa leo Haiti. Hayo ni kweli, yameandikwa. Kilichokosekana ni mtu. Basi nikamweka Kisarika, kijana wa kwetu Kibosho, ametoka kukata majani ya ng'ombe, akakamatwa, akateremshwa hadi pwani, akauzwa. Nilipomfikisha kwenye meli nililia mwenyewe, nikadhani kulia ni ushahidi.

Mwalimu alinipa kumi na tisa kwa ishirini. Ingeishia hapo. Lakini alimwonyesha Padre Wenseslaus, ambaye huja kutuadhimishia Misa, naye akaitafsiri kwa Kifaransa na kuituma kwenye parokia rafiki huko Ufaransa, mji wa bandari. Kuna mzee wa huko anaitwa Bwana Gaston, mwalimu mstaafu. Babu zake walikuwa na meli za namna hiyo hiyo. Ameisoma, naye amelia. Sasa anakuja kwa ajili ya Jubilei ya Kanisa ya mwaka huu. Padre amemweleza desturi yetu, kwamba mkosaji akikuletea jani la sale lililofungwa fundo huwezi kumnyima msamaha. Basi Bwana Gaston amesema atamletea Babu sale, Jumapili ya tarehe 24 Septemba, mbele ya ukoo wote.

Babu atasimama kusamehe kosa alilotendewa mtu niliyemtoa kichwani mwangu. Nifanye nini? Baba na Mama wako mbali Tabora, na wewe ndiye mtu pekee ninayeweza kumwambia.

Mwanao,
Theodora


Memorial, Moshi
17 Agosti 2000

Theo,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya belo la makoti ya mtumba, nikacheka mpaka mteja akaniuliza kama nimeletewa posa.

Kwanza, kula. Pili, umemuua nani? Umetunga kijana mmoja mwenye adabu, anayekatia ng'ombe majani. Kwenye ukoo huu kuna watu wa kweli kabisa ambao hatujawahi kupata faida yao. Tatu, huyo mzee wa Kifaransa ana mzigo wake wa haki. Meli zilikuwepo, hukuzitunga wewe. Anatafuta mlango wa kubisha hodi. Basi abishe kwetu, tutampa mtori wa ndizi na pombe ya mbege, arudi kwao akalale usingizi.

Upande wa Babu niachie mimi. Wewe soma, funga mdomo. Kufunga mdomo ni kipaji chako tangu unatambaa, usikiharibu sasa.

Nimekuchagulia gauni la siku hiyo, la kijani, halina hata doa. Lina mifuko miwili, utaficha mikono.

Shangazi yako,
Yuditha


Kibosho
27 Agosti 2000

Mjukuu wangu Theodora,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi hatujambo. Ng'ombe amezaa dume.

Padre Wenseslaus alifika hapa akanisomea insha yako mbele ya wazee. Umeandika vizuri. Ila yamo makosa madogo, nami kama mtunza majina ya ukoo huu sina budi kuyasahihisha. Kisarika hakuwa ametoka kukata majani. Alikuwa anatoka mferejini, zamu yao ya maji. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na kasoro, ndiyo maana hakukimbia. Na alipenda ndizi mbivu kupita kiasi.

Mdogo wangu Sylvanus, mtoto wa baba mdogo, wa nyumba ya chini ya ukoo, amekuja hapa kudai kwamba Kisarika alikuwa wa kwao na kwamba sale iletwe kwake. Nimemwambia Kisarika ni wa nyumba ya juu, jina hilo halijawahi kupewa mtoto yeyote wa kwao. Akasema halijawahi kupewa mtoto yeyote wa kwetu pia. Hilo ni kweli, lakini nimemweleza kwamba jina la aliyepotea hatulirudii kwa heshima yake. Tumeachana vibaya.

Leo imesomwa Misa ya kumwombea Kisarika. Kanisa lilijaa. Mama mmoja alizimia.

Soma kwa bidii.

Babu yako,
Valerian


Shuleni, Kwa Sadala
1 Septemba 2000

Shangazi,

Shikamoo. Kisarika ana mguu mbovu. Nani amempa mguu mbovu?

Babu ameniandikia habari zake ambazo mimi sizijui. Anajua alikuwa anatoka wapi. Anajua alichopenda kula. Nimeisoma barua ile mara sita, mara ya sita nikaanza kujiuliza kama kweli nilimtunga au niliwahi kusikia mahali. Na wamemsomea Misa, Shangazi. Maombi ya watu wote wale yamekwenda kwa nani? Nilimuuliza mwenzangu Kindness, bila kutaja jina, akasema yeye ni Mlutheri, niulize wa kwetu.

Tafadhali niambie umemwambia nini Babu.

Theodora


Memorial, Moshi
5 Septemba 2000

Theo,

Marahaba. Ni mimi. Siyo mguu, mguu ameuweka Babu mwenyewe. Mimi nilifungua mlango tu.

Nilipanda Kibosho na sukari kilo mbili, nikamkuta ana furaha ya ng'ombe. Nikamwambia, Baba, si unamkumbuka yule Kisarika uliyekuwa ukitusimulia sisi watoto, Mama akimenya ndizi? Akakoroga chai mpaka ikapoa. Nikaogopa. Halafu akasema, “Namkumbuka.” Basi. Baba akishasema anakumbuka jambo, hata malaika wakishuka na maandishi hawamwondoi hapo. Sasa wewe hukutunga, ulisimuliwa na mimi, niliyesimuliwa na yeye. Unaona palivyozibwa?

Tatizo ni Mzee Sylvanus. Naye ameanza kukumbuka, tena kwa kasi. Juzi ametoa mkuki ndani, anasema ni wa Kisarika. Mkuki ule ulinunuliwa Dar mwaka tisini na moja, kwenye duka la watalii. Nilikuwepo. Nilishika mfuko.

Wewe tulia. Wazee wakigombania marehemu, marehemu anazidi kuwa wa kweli.

Shangazi


Kibosho
10 Septemba 2000

Mjukuu wangu,

Barua hii usimwonyeshe mtu, hasa shangazi yako.

Mwezi wa pili nilikuandikia kwamba biashara ile haikutugusa. Niliandika kwa mkono wangu, nikiwa na akili zangu. Sasa Yuditha anasema nilikuwa nikiwasimulia habari za Kisarika tangu wadogo. Mimi sikumbuki hata siku moja. Aliponiuliza nilijibu kwamba nakumbuka, kwa sababu baba yangu alinikabidhi majina ya ukoo huu, watu kumi na mmoja, na tangu nina miaka tisa sijawahi kukosea. Sikutaka binti yangu aone yameanza kudondoka. Yale ya mguu na ndizi niliyasema ili nisionekane mtu asiye na la kusema.

Sasa kila asubuhi kabla ya kukamua nayataja yote. Yanakuja kumi na moja. Kisarika haji. Nikijaribu kumwingiza kati ya wa nne na wa tano, wote waliobaki wananivurugikia.

Mama yangu alianza hivi hivi. Mwisho alikuwa ananikaribisha kama mgeni, ananiuliza nimetoka kijiji gani.

Wewe una kichwa kizuri. Niandikie yote unayoyajua: ni mwana wa nani, mama yake alitoka wapi, nani alikusimulia. Nitayakariri kabla ya tarehe 24, nisije nikaaibika mbele ya mgeni na mbele ya Sylvanus.

Babu yako,
Valerian


Shuleni, Kwa Sadala
14 Septemba 2000

Babu,

Shikamoo. Usikariri chochote. Nakuomba sana.

Nimepewa ruhusa ya kuja Jumamosi tarehe 23, mapema haikuwezekana kwa sababu ya mitihani. Nitakueleza mwenyewe. Nimeandika barua nne za kukueleza nikazichana, kwa sababu kila moja ilitoka nzuri mno, na mimi nimeingia kwenye matatizo kwa ajili ya kuandika vizuri.

Kwa sasa jua hili moja: kichwa chako hakina kasoro yoyote. Yataje majina yako kumi na moja kama ulivyoyapokea, usimwingize mtu.

Mjukuu wako,
Theodora


Memorial, Moshi
19 Septemba 2000

Theo,

Mambo yameiva. Mbuzi wawili wamefungwa, pipa la mbege limeshawekwa, na Mama Eliona anakuja na masufuria ya chama cha akina mama. Mimi nitakuwa jikoni, kwa hiyo usiponiona usihangaike. Bwana Gaston amefika parokiani. Ni mrefu, pua imeungua na jua, anamwamkia kila mtu shikamoo hadi watoto wa chekechea.

Kazi yako siku hiyo ni moja: kaa karibu na Babu, tabasamu. Ukiulizwa kitu, sema wazee ndio wanajua.

Babu amekuwa kimya sana siku hizi. Nadhani anaandaa hotuba.

Shangazi


Shuleni, Kwa Sadala
30 Septemba 2000

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Najua umekasirika. Jumapili uliondoka bila kuniaga, na gauni la kijani ukaondoka nalo likiwa bado na jasho langu. Lakini ulikuwa jikoni muda wote. Ulipotoka na sinia ukakuta ukoo mzima umenyamaza, na hukujua kilichotangulia. Ndicho ninachotaka kukueleza, na Babu ameniruhusu.

Babu hakuwa anaandaa hotuba. Alikuwa anadhani anapotewa na akili kama Bibi Mkubwa, mama yake. Alijaribu kumkumbuka Kisarika kila asubuhi akashindwa. Ulipomwambia alikuwa akiwasimulia, alikuamini wewe kuliko kichwa chake. Najua ulitaka kunilinda. Mimi ndiye niliyeanza.

Jumamosi mchana nilimkuta kihambani, shamba la nyumbani, anakata migomba kwa ajili ya ng'ombe. Nilimwambia huku namtazama ng'ombe. Nikasema, “Babu, Kisarika sikusimuliwa na mtu. Nilimtunga. Shangazi alisema vile kwa ajili yangu.”

Akaweka panga chini. “Ulimtunga wewe?”

“Ndiyo, Babu.”

“Huyu huyu wa mguu?”

“Mguu uliuweka wewe, Babu.”

Akaketi juu ya gogo. Akayataja majina yote kumi na moja kwa sauti, haraka haraka, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Hakukosa hata moja. Halafu akacheka mpaka ng'ombe akaacha kula. Nikaanza kucheka na mimi. Akaniangalia, akaacha.

“Umeniibia wiki nne,” alisema. “Za mwanzo zilikuwa za kujivuna, hizo siwezi kukulaumu. Za mwisho nilikuwa naaga watu kimoyomoyo.”

Akaniambia nibebe ndoo, na kwamba kesho nitasimama pembeni yake, na nitakapoambiwa niseme nitasema.

Sasa Jumapili. Bwana Gaston aliingia uani na Padre Wenseslaus, amelishika lile jani kwa mikono miwili kama mshumaa wa Pasaka. Alikuwa amekariri maneno yake. Akasema, “Mzee, babu zangu waliwakosea babu zako. Naomba msamaha.” Akanyoosha mikono.

Babu akaweka mikono yake nyuma.

Unajua kwetu hilo halifanyiki. Wazee waliguna. Mama mmoja akashika kichwa, nadhani ni yule yule aliyezimia kanisani. Mzee Sylvanus akainuka na mkuki wake, akasema, “Kama nyumba ya juu hawataki, sisi wa chini tunapokea.”

“Sylvanus, keti,” Babu akasema. “Hujui unachotaka kupokea. Theodora, sema.”

Nilisema nikitazama viatu vya Bwana Gaston. Vilikuwa na vumbi jekundu mpaka kwenye kamba. Nilisema kwamba Kisarika nimemtunga kwa ajili ya insha. Nilisema hakuna mtu wa ukoo wetu tunayemjua aliyepandishwa meli ya kwao. Padre alikuwa anatafsiri, akasimama, akaniomba nirudie. Nikarudia. Nikasema pia kwamba wapo waliopandishwa, wengi, hao sikuwatunga. Hapo ndipo ulipotoka na sinia.

Mzee Sylvanus aliuliza, “Na mkuki je?” Naona bado anao.

Bwana Gaston alilizungushazungusha lile jani vidoleni. Sikutazamia atakachosema. Alisema kwamba karatasi za zile meli zipo mpaka leo katika mji wao, na amezisoma miaka kumi tangu astaafu. Watu wameandikwa kwa idadi: wanaume wangapi, wanawake wangapi, watoto wangapi. Hakuna jina. Miaka kumi, hakupata jina moja. Aliposoma jina la Kisarika kwenye jarida la parokia alimwita mke wake kutoka bustanini.

Shangazi, ningependelea anipige. Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu yangu na kwa uchungu wa Babu, sikumfikiria huyu mzee kabisa. Nilimdhania kama sehemu ya insha.

Akauliza, “Basi hili nimpe nani?”

Babu alimjibu polepole ili Padre aweze kumfuata. “Mimi siwezi kulipokea. Nikilipokea, nimekusamehe kwa niaba ya watu ambao hawakunituma, na wewe utarudi kwako ukidhani yamekwisha. Una kosa, ila siyo langu. Sale haipelekwi kwa jirani eti kwa sababu nyumba iliyokosewa iko mbali.” Halafu akamshika mkono, akamketisha kwenye kiti alichokuwa amewekewa yeye mwenyewe, akamwambia chakula hakina ugomvi na mtu. Uliona mwenyewe alivyokula mtori bakuli tatu. Mbege aliionja, akauliza kama ni dawa.

Ndivyo ilivyokuwa. Wewe uliona kwamba niliharibu shughuli, na ni kweli, niliiharibu. Babu anauliza utapanda lini Kibosho, ana neno na wewe, ila amesema usije na sukari.

Jumatatu niliporudi shuleni nilikwenda kwa Mwalimu Eliufoo kabla ya mstari wa asubuhi. Nilimweleza yote. Alichukua insha yangu kutoka kwenye kabati, akakata kumi na tisa kwa wino mwekundu, akaweka sifuri. Hakupiga kelele. Aliniuliza kitabu cha maktaba kilikuwa kipi, nikamtajia. Akasema niandike upya yale tu yaliyomo kitabuni, na mahali nisipojua niandike sijui. Nimeandika. Neno sijui limetokea mara kumi na nne. Amenipa kumi na mbili. Halafu akanipa adhabu ya kupalilia shamba la kahawa la shule kila siku baada ya masomo, wiki nzima, na ametangaza sababu yake mstarini. Nilitazama chini. Siku ya pili wenzangu walikuwa wanaongea mambo mengine.

Jana Ijumaa Padre Wenseslaus alimleta Bwana Gaston kuaga, kwa sababu anasafiri kesho. Walinikuta shambani. Aliuliza ninafanya nini. Nikamwambia, adhabu. Padre akamtafsiria. Akafikiri kidogo, akavua koti, akaliweka juu ya uzio, akamwomba Mwalimu Eliufoo jembe. Mwalimu akasema mgeni halimi. Padre naye akasema si lazima. Bwana Gaston akasema amekuja safari yote hii na bado hajafanya kitu.

Akapewa jembe. Shangazi, alilima kama mtu anayekoroga uji. Alikata miche miwili ya kahawa kabla sijamzuia, akaomba samahani kwa kila mmoja. Kwa Kiingereza changu na chake tuliongea. Nilimwambia kitabu kinasema nini kuhusu Haiti, na wapi kimenyamaza. Alinitajia meli za babu zake, tano, nikaziandika kwenye kiganja kwa kalamu. Alisema atakwenda huko mwakani kama mwili utamruhusu. Aliuliza kama watu wa huko wanaijua sale. Nikasema sijui.

Padre alikuwa anatazama saa. Mistari mitano ilikuwa imebaki. Nilimwonyesha Bwana Gaston jinsi ya kushika jembe, mkono mmoja chini zaidi, nikampa mstari wa kando ambao hauna miche, nami nikarudi kwenye wangu.

Mwanao,
Theodora